Meza ya Mitumba ya Dymphna

Dymphna Riordan hajawahi kuniomba ushauri hata siku moja, nami sijawahi kuacha kumpa. Hapa Rathcarrig tumekaa ukuta kwa ukuta tangu tulipoolewa, akipiga chafya kwake mimi kwangu nasema pole. Ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, aliyepikia watoto wa shule mpaka akastaafu, na hadi leo anaongea kwa sauti ya mtu anayetaka foleni inyooke. Akisema jambo litakuwa, linakuwa. Tabia hiyo inaniudhi, maana mara nyingi anapatia.

Watu wanamjua zaidi kwa meza yake ya Krismasi ya Wanawake. Tarehe sita Januari, huku kwetu Cork, wanaume wanaingia jikoni wapende wasipende, na sisi tuliowapikia sikukuu yote tunavaa vizuri na kutoka. Wanawake wa barabara yetu tunakwenda kwa Dymphna. Juu ya meza yake hakuna kitu kilichonunuliwa kipya. Kitambaa cha meza ni pazia la mahameli ya kijani, limetoka kwenye hoteli iliyofungwa. Vinara vya mishumaa ni vya shaba, kila kimoja na kimo chake. Sahani hazijuani. Bakuli la mchuzi lina ufa, ufa ameugeuzia ukutani. Halafu anapanga katikati matawi ya miiba yenye vitunda vyekundu, anawasha mishumaa, anazima taa, na wewe uliyekuja na mdomo wa kucheka unakaa chini ukiwa mpole. Nilijaribu kuiga nyumbani kwangu mwaka mmoja. Donncha, mume wangu, akaniuliza kama tunahama.

Mwaka huu meza ilikuwa na kazi kubwa kuliko kupendeza.

Abina Lehane, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alifiwa na mumewe Jeremiah mwezi Oktoba. Kwetu nyumba yenye msiba haipambwi Krismasi ya kwanza, haitundikwi tawi wala kadi, na kila mtu anaelewa. Lakini Abina alizidisha. Mlango wake ulifunguliwa kwa padri na kwa mtu wa posta, basi. Chakula tulichompelekea tulikikuta mlangoni kama tulivyokiweka. Binti yake Gráinne, anayekaa Dublin, akamwandalia chumba kule na kumwambia wazi, "Mama, kama ni kujifungia ndani, njoo ujifungie kwangu nikuone." Abina akaahidi kumjibu baada ya Krismasi ya Wanawake. Jibu lenyewe tulilijua. Sanduku lilishashushwa kutoka darini.

"Haendi," Dymphna akaniambia.

"Kwani amekuambia?"

"Hajaniambia. Atakuja mezani kwangu, atakula, atakumbuka kwamba ana watu, na haendi popote."

"Na asipokuja?"

"Eily, niondolee mkosi hapa."

Lakini mimi niliogopa. Mtu wa umri wa Abina akishahamia Dublin, humwoni tena mpaka arudishwe kuzikwa. Nami nampenda Abina. Nilipojifungua mtoto wa kwanza yeye ndiye aliyenishika mkono, Donncha akiwa nje anaongea na mbwa.

Kabla ya Krismasi tukaenda mji wa Mallow kutafuta mitumba. Yapo maduka ya karibu, ila Dymphna hanunui karibu. Anasema ukinunua karibu, mtu atakaa mezani kwako na kutangaza kwamba lile jagi lilikuwa la shangazi yake, na utamu wote umekwisha. Kwa hiyo tunapanda mabasi mawili, yeye mbele na mimi nyuma nikilalamika.

Duka lilikuwa limejaa harufu ya makoti yaliyolowa. Mimi nilikuwa naangalia sufuria. Nikamsikia anasema, "Haya sasa," kwa ile sauti yake ya kuona kitu. Alikuwa ameinamia sanduku la tai za kiume. Tai nzuri kwa kweli, za hariri, zimetunzwa: nyekundu iliyoiva, kijani, rangi ya dhahabu, moja ya buluu yenye ndege wadogo.

"Unataka kumnyonga nani?" nikamuuliza.

"Vile vitambaa vyeupe vya kujifutia mikono. Nitavikunja, kila kimoja nikifunge na tai, fundo liwe mbele. Uliwahi kuona wapi?"

"Sijaona popote, na lazima kuna sababu."

"Sababu ni kwamba wengine wote hawana macho," akasema, akabeba sanduku zima. Njia nzima ya kurudi alikuwa ananionyesha moja moja kwa furaha, nami nikazikubali kimoyomoyo, kwa mdomo sikukubali.

Siku ikafika. Nilimwacha Donncha na rundo la vyombo na aproni yangu yenye maua, ananiuliza sabuni inakaa wapi, nyumba tuliyokaa miaka yote hiyo. Nilipotoka nikamkuta Dymphna yuko tayari ng'ambo, mlangoni kwa Abina, mikono kiunoni.

"Abina, vaa viatu."

"Dymphna, mwenzangu, mimi nina msiba."

"Najua. Njoo nao, nafasi ipo."

"Sina nguvu ya kukaa na watu. Nitawaharibia."

"Concepta anakuja kila mwaka na kusimulia operesheni ya nyongo yake, na hajatuharibia. Viatu, shoga."

Abina akaniangalia mimi juu ya bega la Dymphna, kana kwamba nitamtetea. Nikamwambia nyama ya viungo inakauka. Alivaa viatu. Akavaa na koti lake jeusi, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni, akasema atakaa kidogo tu.

Ndani, mishumaa ilishawashwa. Concepta, yule aliyekuwa posta zamani, alikuwa anamimina mvinyo wa sheri, na wale dada wawili wa familia ya Twomey, majirani zetu, walishaanza kubishana nani akae karibu na moto. Meza ilikuwa nzuri, lazima niseme. Vitambaa vyeupe juu ya kijani kile, kila kimoja kimefungwa tai yake, vinang'aa. Hata mimi mwenye roho mbaya nilifurahi. Abina akasema, "Umeipendezesha, Dymphna," akakaa na koti lake, akachukua kitambaa chake ili akifungue.

Hakukifungua. Akaishika ile tai, akaigeuza nyuma, akaipeleka karibu na mshumaa. Nyuma, mahali tai inaposhonwa, palikuwa na mishono michache ya uzi usiofanana na tai yenyewe.

"Hii umeitoa wapi?" akauliza.

"Mallow," Dymphna akajibu, kifua mbele. "Sanduku zima. Nakuambia, mwenyewe alikuwa mtu wa kujipenda."

"Mwenyewe alikuwa Jeremiah," Abina akasema. "Mishono hii ni ya mkono wangu."

Nilitamani kuingia chini ya meza. Mara moja nikaelewa yote, na sijui kwa nini hakuna aliyelifikiria mapema. Nguo za marehemu sisi hatuziachi karibu. Tunazipeleka mbali, mjane asije akakaa kanisani akaona koti la mumewe linapita kwenda kupokea komunyo. Gráinne alifanya adabu yake, akazipeleka Mallow. Dymphna naye alikuwa na adabu yake, akaenda kuzinunua hukohuko. Tena kuzijua tusingezijua. Jeremiah Lehane alikuwa mtu wa kuhisi baridi, majira yote alivaa sweta la zipu, zipu mpaka kidevuni, hata kanisani, hata harusini. Siku ya kumuaga alilazwa na ile kanzu ya kitawa ya kahawia, kama wazee wetu wote. Shingo ya yule mtu ilikuwa haijulikani na yeyote isipokuwa mkewe.

Dymphna alipauka uso. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya mazishi ya mume wake mwenyewe. "Abina, Mungu ananiona, sikujua," akasema. "Ngoja niziondoe. Ngoja, zote naziondoa." Akaanza kuvuta tai ya kitambaa changu, kinara kimoja kikaanguka, mshumaa ukazimika.

"Usiziguse," Abina akasema.

Akasimama. Koti lilikuwa bado limefungwa vifungo vyote na mlango ulikuwa nyuma yake tu, nikajua basi, tumempoteza. Meza tuliyomwekea ili abaki ndiyo itakayompeleka Dublin. Nilimkasirikia Dymphna na tai zake, nikajikasirikia mimi niliyekuwapo nikafanya mzaha.

Abina hakwenda mlangoni. Alizunguka meza polepole, anagusa tai moja hadi nyingine.

"Kila Krismasi nilimpa moja," akasema. "Gráinne aliponiuliza abebe nini, nilimwambia beba vyote, wala sikugeuka kutazama. Gari lilipoondoka ndipo nikazikumbuka. Nikaona haya kumpigia, mama mzima, nimwambie arudi kwa ajili ya tai. Koti lake sikulililia. Viatu vyake sikuvililia. Hizi nimezililia kila siku."

Dada mmoja wa Twomey alikuwa anajifuta macho na mkate.

Kisha Abina akainama kwenye kitambaa cha Concepta, akakunja uso. "Dymphna," akasema, "hili fundo ni la kufungia ndama."

"Nilifanya ninavyojua," Dymphna akasema kwa sauti ndogo.

"Hujui kitu." Akalifungua fundo lile kwa vidole viwili. Halafu akafungua koti lake, kifungo kimoja kimoja, akanipa mimi nikalitundike. "Jeremiah naye hakujua. Hakutaka kujifunza. Kila Jumapili alisimama mbele yangu jikoni, kidevu juu, nikamfunga. Nikimaliza anavuta zipu mpaka juu. Nikamuuliza siku moja, sasa hii nimemfungia nani aione? Akaniambia, wewe si umeiona?"

Akamgeukia Concepta. "Kidevu juu."

Akamfunga ile ya dhahabu. Akawafunga dada wa Twomey, nyekundu na kijani, nao wakakaa wima kama waliofundishwa. Alipofika kwangu vidole vyake vilikuwa baridi shingoni mwangu, na harakaharaka vikajua kazi yake, juu, chini, pitisha, vuta. Nililia, siwezi kuficha, nikailowesha tai ya watu. "Kaa sawa, Eily," akaniambia, "hata yeye hakuwa anatikisika hivi." Concepta akajitazama kwenye kioo cha kabati, akasema sasa anaonekana kama meneja wa benki aliyetunyima mkopo, na Abina akacheka. Kicheko kifupi, lakini tulikisikia sote.

Ikabaki ile ya buluu yenye ndege. Akaivaa shingoni mwake, akaanza. Juu, chini. Vidole vikasimama. Akaanza tena, vikasimama palepale.

"Ajabu hii," akasema. "Sijui kujifunga mwenyewe. Siku zote alikuwapo mtu mbele yangu."

Uso wake ukaanza kuanguka. Tukakaa tu tunamtazama na tai zetu.

Dymphna akaenda akasimama mbele yake, karibu kabisa. Rangi ilikuwa imemrudia. "Niambie cha kufanya," akasema. "Kidevu juu."

"Upande mpana uwe mrefu. Sasa vusha juu. Juu, si huko, Mama wee, mkono wako mwingine."

"Nitapatia."

"Hupatii."

"Nimesema nitapatia, acha kutingisha shingo."

Lilikuwa fundo baya mno, limekaa upande chini ya sikio. Abina akalishika, akalipapasa, akaliacha hivyohivyo. Akakaa kwenye kiti chake. "Haya, hiyo nyama iko wapi?" akasema.

Tulikuwa tunakula simu ilipoita kwenye koti lake. Mimi nilikuwa karibu, nikaipokea. Alikuwa Gráinne, pumzi juu. "Anti Eily? Nimepiga nyumbani mpaka nimechoka. Mama yuko wapi?"

"Yuko hapa kwa Dymphna. Anakula."

"Anakula?"

"Anaongeza viazi."

Nikamsikia Gráinne anavuta makamasi. Halafu akasema, "Muulize kuhusu chumba, Anti. Nilimwambia leo nitamuuliza."

Nikamuuliza, simu mkononi, na meza nzima ikaacha kutafuna. Dymphna alikuwa ameshika bakuli la mchuzi hewani. Abina akajifuta mdomo taratibu kwa kitambaa cheupe.

"Mwambie hicho chumba apangishe," akasema. "Mimi Jumapili nina kazi. Huyu Dymphna bado hajajua fundo."