Tangi la Mjomba

Juzi nilikuta vifaranga ndani ya tangi la kioo la mjomba, nikacheka mpaka akanifukuza sebuleni.

Nilipokuwa mdogo, tangi hilo lilijaa maji ya chumvi aliyoyakoroga mwenyewe kwenye ndoo, pale mtaani Milimani, na ziwa zima la maji yasiyo na chumvi liko chini ya nyumba yake. Ngege, samaki wa ziwa hilo, aliwadharau, eti hao ni wa kula. Samaki wake walikuja kwa ndege kutoka Mombasa, na kila mpya alianzia kwenye tangi dogo nyuma ya kochi, akae peke yake hadi ijulikane hana ugonjwa. Mimi nilidhani ni jela.

Alasiri moja, wageni wa kanisa wakiwa njiani na kuku akinukia jikoni, mjomba alimchota samaki mpya wa buluu kwa wavu, akamtia kwenye tangi kubwa pamoja na yule mmoja aliyekuwamo, wa rangi ya machungwa, niliyempenda.

"Baba Akinyi, huyo si amefika jana tu?" mkewe aliuliza.

"Wageni waje kutazama samaki mmoja? Angalia macho yanavyong'aa."

Wageni walishangaa, wakala, wakaenda. Baadaye wiki hiyo samaki wote wawili walijaa madoa madogo meupe.

"Mjomba, chumvi imewashika," nilisema. Kwa nyanya yangu, Port Victoria, samaki hupakwa chumvi akishakufa, nikashangaa hawa wamepakwa wakiwa hai. Kufikia Jumapili walikuwa wakielea. Siku hizi najua vilikuwa vijidudu.

Juzi, kabla ya kufukuzwa, nilimuuliza mbona vifaranga wa sokoni amewachanganya na wa zamani siku hiyo hiyo aliyowanunua.

"Angalia macho yanavyong'aa," alisema.