Maji ya Dakika Ishirini

Wiki jana mgeni mmoja aliniomba kitu ambacho sijaombwa maisha yangu yote ya kazi, na tangu siku hiyo sijatulia. Mimi, kama hujui, kazi yangu ni kupokea watu wa ng'ambo wanaokuja kukaa hapa Kisumu: madaktari, wahandisi, watu wa miradi. Nawatafutia nyumba, nawaonyesha tangi la maji liko wapi, umeme unalipiwaje kwa simu, neti inachomekwaje chini ya godoro, na kwa nini wazime taa ya nje wale wadudu wa ziwani wakija kama wingu. Maswali ni yale yale. Maji yanafaa kunywa? Stima itarudi saa ngapi? Mboga nizioshe na nini? Nimechoka, rafiki yangu. Nimeyajibu mpaka mdomo unayajibu wenyewe huku mimi nawaza miguu yangu ilivyovimba.

Sasa huyu mama mgeni, tulipomaliza kuzunguka nyumba nzima, alikaa jikoni akafuta jasho, akanisukumia daftari jipya la jalada la buluu. Akaniomba nimwandikie yote, mambo ya nyumba yote, na ukurasa mmoja niandike juu ya mama anayefanya kazi pale, ambaye aliachwa na wapangaji waliotangulia. Alitaka kujua kama abaki naye au atafute mwingine. Nililishika lile daftari nikalifungua ukurasa wa kwanza.

Daftari la namna hiyo nililisoma nikiwa na miaka kumi. Nililisoma uongo, kwa makusudi, na aliyekuwa akinisikiliza alikuwa nyanya yangu.

Tulikuwa tunakaa Kaloleni, mimi na yeye, katika zile nyumba za kanisili, za halmashauri ya mji, zenye kuta nene na ua wa pamoja. Watu wa Kaloleni wa zamani unawajua, damu zimechanganyika: babu zake wengine walitoka pwani na biashara, wengine walikuwa wa hapa hapa ziwani. Nyanya alikuwa anasoma Kurani vizuri sana, herufi za Kiarabu zilimtii. Za Kizungu zilimshinda. Alikuwa anasema Kizungu ameambiwa akisikie tu, kukisoma hakuamriwa.

Shule zikifungwa nilikuwa naandamana naye kazini. Tukitoka asubuhi, Kaloleni yote inanuka mahamri na moshi wa makaa, redio za majirani zimeshaanza, na ukipita msikitini utasalimiwa mara kumi kabla ya kufika barabarani. Tulipanda kwa miguu hadi Milimani. Huko hukusikia kitu ila ndege na mtu anayefagia majani. Nyumba aliyofanyia kazi ilikuwa na baraza pana inayotazama ziwa, na aliyekaa humo alikuwa mwalimu wa kike kutoka ng'ambo, mwanamke mrefu, mpole, aliyeungua pua mwaka mzima. Nyanya alimwita Madam. Kabla yake alishawapikia wageni wengine wawili mle mle ndani. Wageni walikuja na kwenda, Nyanya alibaki na nyumba.

Na daftari pia lilibaki. Lilikaa kwenye droo ya jikoni pamoja na mishumaa na viberiti. Kila mgeni aliyeondoka alimwandikia anayekuja. Mimi nilikuwa nalisoma kujifurahisha, maana Mwalimu alifurahi kuona mtoto anasoma. Humo mlikuwa na mambo! Samaki wa ufukwe wa Dunga mtazameni macho kwanza. Nguo zote zipigwe pasi, hata soksi. Mvua ya saa kumi haitanii, ingizeni viti. Mmoja aliandika kwamba kiboko akipanda bustanini msimfukuze kwa ufagio kama alivyofanya mume wake. Nyanya alikuwa ananiambia nimtafsirie hapo pa kiboko, anacheka mpaka anashika ukuta, kwa sababu yeye ndiye aliyemvuta yule mume ndani kwa shati.

Lakini ukurasa uliorudiwa na kila mgeni ulikuwa wa maji. Maji yachemke dakika ishirini kamili. Yapoe. Yamiminwe kwenye chujio la mishumaa ya udongo, zile nguzo nyeupe zinazochuja maji. Ndipo yatiwe kwenye chupa na chupa kwenye friji. Nyanya aliyafanya hayo kama ibada. Sufuria kubwa, mfuniko, kisha ananiita, "Haya, mwenye macho, saa yako hiyo." Saa ya ukutani ilikuwa juu ya mlango, na mishale yake Nyanya alikuwa haioni tena. Aliona ukungu wa duara. Hilo alilijua yeye nami tu. Kwa hiyo kazi ya kuhesabu dakika ilikuwa yangu.

Ngoja nikwambie sasa. Sisi nyumbani Kaloleni tulikunywa maji ya bomba kwa mdomo, tumeinama, jua likiwa kali na mchezo umepamba moto. Hakuna aliyetuchemshia kitu. Tulikuwa wazima, tumbo likiuma linauma na kupona. Hivyo mimi, kwa akili yangu ya miaka kumi, niliona ile habari ya dakika ishirini ni ushirikina wa Wazungu. Wao wana dakika zao kama vile wengine wana hirizi. Sufuria ikianza kuimba tu, kabla hata mfuniko haujacheza, nilikuwa naiepua nakimbilia barazani kutazama majarida ya picha. Mwalimu akija kuuliza kama maji yamechemka, Nyanya alijibu kwa kifua mbele, "Dakika ishirini, Madam!" Alijibu kwa sababu mimi nilimwambia.

Mwalimu akaugua. Alilala wiki nzima, tumbo na homa, amekuwa rangi ya karatasi. Nyanya alimwogesha, alimpikia uji mwepesi, alimnywesha mchaichai kijiko kwa kijiko, anamwita mwanangu, anasoma dua kichwani pake. Alilala huko huko siku tatu. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama. Utaniuliza kama nilijua. Nilijua. Sitakudanganya, uongo wangu nimeshaumaliza zamani. Toka siku hiyo nilihesabu dakika ishirini na tano, wallahi, lakini sikusema neno.

Muda wake ulipokwisha, Mwalimu aliuza vyombo vyake pale barazani. Walikuja akina mama wa soko la Kibuye wakabeba masufuria, mapazia, mpaka vibanio vya nguo. Nyanya alipewa ile saa ya ukutani kama zawadi. Walikumbatiana, wakalia wote wawili, gari likaondoka. Ilikuwa Alhamisi. Wageni wapya, mtu na mke wake na watoto wawili, walikuwa wanaingia Jumamosi.

Nyumba ilikuwa tupu, sauti zinarudi. Nyanya alifuta mikono kwenye leso yake akavuta droo akatoa daftari. "Nisomee panaponisema mimi," akasema. Alitaka kujua kabla ya Jumamosi. Wakimpenda, tunabaki tulivyo, mimi na shule yangu na viatu vyangu. Wasipompenda, ni kurudi mlangoni kukaanga mandazi na moshi machoni, na macho yenyewe ndiyo hayo. Aliyasema yote hayo huku anatabasamu, maana hakuwa na wasiwasi. Alimwogesha yule mwanamke.

Nikafungua. Mwandiko wa Mwalimu ulikuwa mzuri, umelala kidogo. Aliandika kwamba mpishi ni mwaminifu, safi, na ana moyo kuliko mtu yeyote aliyemjua katika nchi hii. Kisha aliandika kwamba macho yake yamechoka na kumbukumbu pia. Mara mbili yeye Mwalimu alikuta maji hayakuchemshwa, na mara ya pili aliugua sana. Hakuwa na ujasiri wa kumwambia. Kwa ajili ya watoto wenu, tafuteni mtu mwenye umri mdogo zaidi, na muageni mama huyu kwa upole.

Nilisoma mpaka pale pa moyo. Halafu nikaendelea kutazama karatasi na mdomo ukaendelea wenyewe. Nikasema, "Hakuna anayejua maji kama yeye. Mkimwacha aende, mtajuta."

Nyanya alifunika mdomo kwa leso. "Ameandika hivyo? Juta?"

"Ameandika hivyo, Nyanya."

"Rudia tena."

Nikarudia. Akaniomba nimwonyeshe kwa kidole ukurasa wenyewe ni upi. Nilimwonyesha. Akakunja ncha yake, taratibu, ili asiupoteze.

Kama ningesoma yaliyoandikwa, angenigeukia aniulize habari ya saa. Ningelia, angenifinya sikio, na Jumamosi angesimama mbele ya wale wageni aseme, jamani, aliyekosea ni mtoto na mimi ndiye niliyemkabidhi, nipeni mwezi mmoja mnitazame. Ninajua angesema. Alikuwa mtu wa kusema. Mimi nilimnyima nafasi hiyo. Nilifikiri namlinda, na kusema kweli nilikuwa najilinda mimi.

Hata kuchana ule ukurasa niliwaza. Ijumaa nzima niliwaza. Lakini alikuwa ameshaukunja, na kila akipita droo aliigusa.

Jumamosi wageni walipoingia, watoto wao wamesinzia kwa safari, Nyanya alikuwa amevaa leso mpya. Alilitoa daftari yeye mwenyewe. Akalifungua pale pale kwenye ncha iliyokunjwa, akampa mama mgeni kwa mikono miwili, akasimama ameinua kidevu akingoja asomwe. Yule mama akasoma. Akampa mume wake. Mume akasoma, akamtazama Nyanya, akatazama watoto. Kisha wote wawili wakatabasamu lile tabasamu la watu wenye adabu. Nyanya akanitupia jicho kunikonyeza.

Walimweka wiki tatu. Wiki ya nne alikuta msichana mwingine jikoni, akaambiwa kwa upole sana kwamba amefanya kazi miaka mingi, sasa apumzike. Alirudi Kaloleni saa sita mchana, leso imekunjwa kwapani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Lakini kitabu kilinisifu."

Sentensi hiyo nimeishi nayo. Alikaanga mandazi mlangoni miaka na miaka, na kila jirani aliyeuliza ilikuwaje akaacha kazi Milimani alijibiwa hivyo hivyo: kitabu kilinisifu, sijui wale watu walikuwa na nini. Hakuwa na kinyongo. Alishangaa tu, na mshangao huo haukuisha. Ile saa tuliitundika ukutani, nami ndiye niliyemsomea swala imefika au bado. Alipokuwa kitandani mwisho wake, mimi nimeshakuwa mtu mzima na kazi hii hii ya wageni, aliniomba nimsomee tena, kwa kichwa. Nikamsomea. Moyo kuliko mtu yeyote. Hakuna anayejua maji kama yeye. Akasema, "Juta," akacheka kidogo. Ningemwambia hapo. Sikuweza.

Nyumba ile ya baraza haipo. Wameibomoa, wamejenga fleti za ghorofa sita, na ziwa sasa unaliona kama uko ghorofa ya sita. Chujio la mishumaa ya udongo hulikuti tena, watu wanaletewa maji ya mtungi na kijana wa pikipiki. Saa ilisimama zamani, nimeiweka kabatini. Hata harufu ile ya maji moto ya bomba, harufu ya chuma na moshi, sijainusa mahali pengine. Nimezeeka katika kuwaambia wageni wachemshe maji, na kila nikisema dakika ishirini namsikia Nyanya akiniita mwenye macho.

Basi wiki jana, na daftari la buluu mbele yangu, niliandika yote. Tangi, stima, neti, wadudu, mvua ya saa kumi. Nikafika ukurasa wa yule mama wa kazi. Alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo, mwanamke wa Port Victoria mwenye mabega mapana na mvi zinazochungulia kwenye kitambaa. Nimemjua miaka miwili. Nilimwita mara mbili asiitike. Hapo nikakumbuka, na nikaandika.

Nilipomaliza nilikwenda nikamgusa bega. Nikamwambia, "Mama, keti. Nimeandika juu yako, nataka usikie kabla hajasoma huyu mama mgeni."

Alikaa akikausha mikono, ananitazama kwa wasiwasi. Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole, kila neno. Kwamba ni mwaminifu. Kwamba samaki wake wa kukaanga hana mpinzani. Kwamba sikio lake la kushoto halisikii, kwa hiyo semeni naye mkiwa mbele yake, wala msidhani anawapuuza. Kwamba nashauri abaki.

Aliacha kukausha mikono. Kwa vile nilivyoogopa, ungefikiri mimi ndiye ninayefukuzwa.

"Yawa," akasema, yaani jamani. "Hiyo ya sikio umeandika?"

"Nimeandika, Mama."

"Si ni ukweli." Akaburuta kiti, akanigeuzia sikio la kulia, lile zima. "Rudia tena."

Nikarudia. Nilisoma kidole kikiwa kwenye mstari, na nilipofika mwisho wa maandishi, mdomo nao ukaishia hapo.