Hotipoti ya Dada wa Waziri

Siku ya kwanza nilipoingia nyumba ile ya Sugar Land, nilimkuta bibi mmoja wa Kihindi ameketi mbele ya televisheni, amejitanda khanga. Watu walionituma kazini walikuwa wameniambia tu kwamba anahitaji wa kumsaidia kuoga na kula, na kwamba anasema "lugha fulani ya Afrika". Nikajaribu bahati yangu. "Shikamoo, Mama." Akajibu bila kugeuza shingo: "Marahaba. Mbona umechelewa?"

Alikuwa ameolewa Tabora akiwa msichana, akauza vitenge dukani na mumewe mpaka nywele zikawa nyeupe, na mume alipofariki akamfuata mwanawe Texas. Mimi ni Mzaramo. Mtu aliyekaa Tabora muda wote huo nilimhesabu Mnyamwezi, na Mnyamwezi kwangu ni mtani. Basi kazi yangu ikawa kumwogesha, kumpikia na kumsema, na yeye alinirudishia kila neno likiwa bado la moto. Mwanawe, mfamasia mpole asiyejua kupaza sauti, mwanzoni alidhani tunagombana kweli, akataka kuomba aletewe mtu mwingine.

Mapema kabisa Mama alinipa sheria mbili. Ya kwanza, lugha yao si Kihindi. Mimi, kama wenzangu wote niliokua nao Temeke, nilijua Wahindi wanasema Kihindi na maneno yakaishia hapo. Nusura anichape na mkongojo. Kihindi ni cha Delhi, alisema. Jimbo lao lina lugha yake, na watu wamelala rumande kwa ajili yake. Ya pili, hotipoti yake hairudi tupu. Ilikuwa kubwa, ya Tabora, yenye maua mekundu yaliyopauka, na alikuja nayo Amerika ameipakata kwenye ndege. Akinipa chapati nipeleke kwangu Alief, ilibidi niirudishe na chochote ndani, hata vitumbua viwili. Ukichelewa anakupigia simu. "Chombo changu kikiwa kwako," alikuwa akisema, "bado una safari ya kuja kwangu."

Kwenye televisheni alikuwa akimtazama mdogo wake, waziri wa serikali ya India. Alimtazama kila siku, asubuhi na jioni, kama wengine wanavyotazama tamthilia, na kusema kweli tofauti haikuwa kubwa.

Historia ya mheshimiwa niliipata vipande vipande, nikimsugua Mama mgongo. Kijana alianza siasa kwa kopo la rangi nyeusi. Serikali ya Delhi ilikuwa imetundika kibao cha Kihindi kwenye stesheni ya mji wao, naye akapanda ngazi kukifuta. Rangi alinunua dada yake. Ngazi alishika dada yake. Polisi walipotokea, kijana alitimua mbio akawa shujaa. Dada alibaki ameshika ngazi, akapelekwa nyumbani kuchapwa na baba yao. "Tazama hapa," aliniambia, akinionyesha kovu nyuma ya goti. "Yeye alipata wizara, mimi nikapata hili." Nikamwambia kovu lake angalau halijawahi kuhama chama. Alicheka mpaka maji yakamwingia puani.

Alijiunga na chama cha kutetea lugha yao, kikamfanya mbunge katika bunge la jimbo, kisha waziri wa maji wa jimbo. Siku moja alifungua bomba la kijiji mbele ya kamera na maji yakatoka kwa nguvu, maana lori la maji lilikuwa limefichwa nyuma ya shule. Lori lilipoondoka, bomba nalo likanyamaza. Baadaye chama kikapasuka, na wabunge wa upande wake wakafungiwa kwenye hoteli ya kifahari, wakanyang'anywa simu, ili chama kikubwa cha Delhi kisije kikawanunua. Wakala, wakaogelea, wakakandwa migongo. Walipofunguliwa walikuwa wameshanunuliwa kwa jumla, kama vitenge. Ndivyo aliyefuta Kihindi stesheni alivyofika Delhi, akapewa wizara yenye jina refu ambalo Mama hakuwahi kulimaliza kwa pumzi moja. Hotuba zake zote sasa ni za Kihindi.

Kila alipohama chama alimpelekea dada yake skafu ya rangi mpya. Ya kijani tulikuwa tukifutia vyombo. Ya manjano ilikaa ndani ya hotipoti, juu ya chapati. "Chama hiki kinatunza joto," Mama alisema, na huo ndio uchambuzi wa kisiasa niliouelewa kuliko wote.

Lakini nisimsingizie, alimpenda. Kwao, siku moja ya mwaka, karibu na Agosti, dada humfunga kaka yake uzi mkononi na kumwombea, na kaka huahidi kumlinda. Rakhi, ndivyo wanavyouita. Tangu aolewe, Mama alikuwa akiutuma kwa posta. Hakuwahi kujua kama unafika kwenye mkono wenyewe au unaishia kwa makarani. Alipopata habari kwamba mheshimiwa atakuja Texas wiki ileile ya uzi, na kwamba atakula chakula cha mchana Sugar Land, alianza kusokota. Akachagua nyuzi nyekundu, na katikati akatia shanga moja ya buluu iliyobaki kwenye bangili ya duka lake. "Nikifa bila kuufunga kwa mkono wangu," aliniambia, "utakuwa umeniogesha bure."

Mwanawe ndiye aliyeleta habari mbaya, amesimama mlangoni na koti la kazini. "Mama, mjomba ata-fly moja kwa moja California akitoka Dallas. Schedule ime-change. Lakini kuna event Lewisville, karibu na Dallas, na wameweka sehemu ya rakhi. Dada anaweza kuku-drive." Dada ni mimi. Mama aliuliza kama msaidizi wa mheshimiwa ameambiwa kwamba dada wa damu atakuwepo. Mwanawe akasema atampigia. "Usimpigie," Mama akasema. "Ataniona mwenyewe."

Tuliondoka Jumamosi alfajiri. Ukumbi wa Lewisville ulikuwa wa harusi, na mheshimiwa ndiye aliyekuwa bibi harusi: kiti cha dhahabu, maua shingoni, poda usoni. Mshereheshaji alitangaza kwamba kiongozi huyu ana dada kila pembe ya dunia. Dada wakapanga foleni, wamevaa hariri, kila mmoja na uzi wake na simu yake. Mama alikataa kiti cha magurudumu. Alisimama na mkongojo, mimi nikimshika kiwiko, tukasogea taratibu kuelekea jukwaani.

Tulipofika, mkono wa mheshimiwa ulikuwa umejaa nyuzi hadi karibu na kiwiko. Aliunyoosha kwetu, uso ukiwa kwa mpiga picha. Mama akafunga. Fundo la kwanza lilifunguka, akalirudia, nyuma yetu watu wakaanza kuguna. Alipomaliza hakuondoka, alimtazama tu. Mheshimiwa akatabasamu kwa kamera na kumuuliza kitu. Mama akamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya dukani: "Nimetoka Tabora." Mheshimiwa akaitikia kwa kichwa. "Very good, very good." Msaidizi akamtia Mama skafu mpya mikononi na kutusukuma kwa adabu tuwapishe wengine. Nilifungua mdomo nimwambie yule mtu maneno ya Kizaramo ambayo hayahitaji mkalimani. Mama akanifinya mkono, nikafumba mdomo.

Kwenye gari nilimuuliza mheshimiwa alisema nini.

"Ameniuliza, dada, unatoka mji gani? Kwa Kihindi."

Barabarani nilimtupia utani, kwamba ni Mnyamwezi pekee anayeweza kubebeshwa mzigo mpaka Dallas na kurudi. Haukurudi. Nikatupa mwingine, nao ukapotelea dirishani. Nililia mimi, kwa hasira, nikiendesha. Yeye hakulia mpaka tuliposimama Huntsville kununua chai, akashindwa kufungua kifuniko cha kikombe, na hapo akalia kwa ajili ya kifuniko.

Kumbe picha ilikuwa imeshawekwa mtandaoni: Mheshimiwa na dada zake wa ughaibuni. Kesho yake mtu wa mji wao akaandika chini yake, huyu bibi wa mkongojo si dada yake wa tumbo moja, aliyeolewa Afrika? Mwingine akakumbuka ngazi na kopo la rangi. Wapinzani wake hawakulala. Waliuliza, asiyemjua dada yake atatujua sisi? Jumatatu mapema msaidizi akapiga simu. Ratiba ilikuwa imebadilika tena. California ingesubiri.

Alikuja na magari matatu na kamera mbili. Mama aliniamuru nipike kama kwa sikukuu na nisitie sumu. Alimpokea vizuri, akamkalisha, akamwekea wali, dengu na mchicha wa nazi wa kwetu. Mheshimiwa alikula kama mtu aliyetoka kwenye mfungo, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema lugha yao. Hata mimi nisiyeielewa nilijua si ile ya kwenye televisheni, maana uso wake ulikuwa mdogo zaidi.

Kisha kamera zikawashwa. Msaidizi akatoa uzi mpya wa dukani, wa dhahabu, ungali kwenye plastiki, akamwekea Mama mkononi. Mheshimiwa akanyoosha mkono. Mwanawe Mama, aliyesimama karibu nami, ndiye aliyenitafsiria kwa kunong'ona.

"Uzi ni mmoja kwa mwaka," Mama alisema. "Wa mwaka huu nimeshaufunga."

Akaushika mkono wa mdogo wake, akaugeuza huku na huku. Mkono ulikuwa mtupu, msafi, una saa tu.

"Wangu ni mwekundu, una shanga ya buluu. Uko wapi?"

Mheshimiwa alimtazama msaidizi. Msaidizi alitazama soksi zake. Mwishowe akasema nyuzi zilikuwa nyingi sana, mheshimiwa aliwashwa, ikabidi wazikate kwa mkasi hotelini. Kamera bado zilikuwa zimewashwa. Mama akauachia mkono na kumwambia ale, wali unapoa. Akala, lakini polepole.

Wapiga picha walitangulia kwenye magari, wamekasirika. Mheshimiwa alibaki mlangoni na dada yake. Akainama, kwa shida, maana ana kitambi cha wizara, akamgusa miguu, heshima ya kwao kwa mkubwa. Hakuna aliyempiga picha, na nakiri kwamba hapo nilimwonea huruma, ingawa haikudumu. Akanyoosha tena ule mkono mtupu. Mama akaingia jikoni. Nikadhani ameenda kutafuta uzi. Akarudi na hotipoti ya Tabora, imejaa chapati, ameifunga kwa ile skafu mpya ya Lewisville, akampakatisha. Nilijua anachomwambia kabla sijatafsiriwa, maana ni maneno yaleyale niliyozoea kuambiwa mimi nikipewa chombo chake.

Mheshimiwa Waziri akapanda gari jeusi na hotipoti mapajani.

Karibu mwaka sasa. Yuko kwenye televisheni kila siku, na inasemekana atapewa wizara nyingine, ya jina fupi. Mama amedhoofika, siku hizi namwinua kwa mikono miwili. Uzi wa mwaka huu ameshausokota, uko mezani pale hotipoti ilipokuwa ikikaa. Mimi chapati zangu hupewa kwenye karatasi ya jikoni, na nikilalamika ananiambia nikashitaki Delhi.

Zamani simu zake zilikuwa zikiishia kwa msaidizi. Sasa mheshimiwa anapokea mwenyewe. Jumapili iliyopita nilimshikia Mama simu sikioni, nikamsikia mdogo wake akiongea kwa kirefu, sauti ya jukwaani, bila kituo. Mama akamkatiza kwa maneno machache. Akanigeukia anitafsirie, mtani wake asije akapitwa na jambo.

"Ananieleza serikali imejipanga vipi," alisema. "Nimemwambia serikali sijaiuliza. Nimeuliza hotipoti yangu."