Zamu ya Aliye Chini ya Maji

Jairus wa Garsen ni mkulima wa ndizi hadi mto ufurike. Hapo huwa mvushaji, apende asipende. Maji yakishakula barabara, shamba lake nalo limeshaliwa, na mtumbwi ndio unaobaki kuwapa wanawe ugali. Ni mzee wa kanisa, mkaidi, na hajawahi kukataa kumvusha mtu. Jambo hilo hulitaja mara nyingi kuliko inavyompasa mzee wa kanisa.

Mafuriko haya yalimletea Mansur, dereva wa lori kutoka Madogo, aliyekwama kusini mwa maji, asiyetaka kuliacha lori lake, huku mkewe Mwanahamisi akingoja kujifungua hospitalini Hola. Mansur alikuwa na karata, akamfundisha mwenyeji wake poka. Walicheza kwa punje za mahindi, maana dini zote mbili zilikuwa zinawatazama.

"Kufoldi ni kutupa karata zako, mzee, ukajiondoa. Blafu ni kudanganya kwa uso. Olin ni kusukuma kila ulicho nacho. Na BB utakayoona wakiandika kwenye simu ni bigi blaindi, dau la kuweka kabla hujaona kitu."

"Na hiyo kadi ya mwisho?"

"Riva. Yaani mto."

"Kwa nini mto?"

"Sijui. Wanasema ndiyo huzamisha watu."

Jairus hakuipenda kadi hiyo. Alichofurahia ni kucheki, kupitisha zamu bila kuweka dau, kwa sababu hufanywa kwa kugonga meza. Katika ukoo wake mtumbwi hausukumwi majini kabla haujagongwa ubavuni kwa kitako cha kasia. Babu yake aligonga, baba yake akagonga, na hakuna aliyeuliza sababu.

"Basi hata sisi twacheki," alisema akicheka.

"Mnamcheki nani?"

Jairus alitazama maji. "Aliye chini."

"Kumbe kila siku unampa yeye zamu," Mansur akasema, akaendelea kugawa karata.

Neno hilo lilimkaa Jairus kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi iliyofuata Mwanahamisi alipiga simu ya Jairus, kwani ya mumewe ilikuwa imezima. Uchungu ulikuwa umeanza, naye alikuwa peke yake. Ng'ambo ya maji zilikuwepo pikipiki, ingawa kutoka hapo hadi Hola ni safari ya saa kadhaa. Mansur alikuwa ameshavua viatu.

Maji yalikuwa yametulia vibaya. Hata vyura walikuwa wamenyamaza. Jairus aligonga ubavu wa mtumbwi, akangoja kama kawaida.

Kutoka chini, taratibu, kitu nacho kikagonga.

"Ni gogo," Mansur alisema. Lakini alimeza mate, na ni yeye mwenyewe aliyemfundisha Jairus kwamba mwenye blafu humeza mate.

Jairus aliogopa, tena waziwazi. "Nafoldi, kijana. Leo sivuki. Nawe usivuke."

"Mke wangu anazaa, mzee. Siwezi kumfoldi mke. Leo mimi ni olin."

Jairus angeweza kuing'ang'ania kamba ya mtumbwi. Alimfikiria yule mwanamke kitandani bila mtu, na mkono ukalegea. Mansur akapiga kasia kwa nguvu, mgongo umenyooka, mpaka kwenye miti iliyozama, akapotea nyuma ya matawi. Hakukusikika kelele. Baada ya kitambo mtumbwi ulirudi wenyewe, umepinduka, na upepo haukuwepo.

Jairus alikuwa angali ndani ya maji hadi kiunoni, akiita jina, simu ilipolia mfukoni mwa shati.

"Mzee, Mungu akulipe kwa kumvusha," Mwanahamisi alisema, amechoka na amefurahi. "Tumepata mvulana. Na Mansur ndiyo kwanza anaingia. Amesimama hapa miguuni pangu, amelowa chapachapa. Namwambia amshike mtoto, hataki. Hasemi kitu. Ngoja nimpe simu, uzungumze naye."