Shimo la Jiwe la Kumi na Saba

Bertola alikuwa fundi wa mawe ya mipaka, na katika vijiji vya upande ule wa mto Adda hapakuwa na mtu aliyeaminiwa kumzidi. Watu waliokuwa tayari kutoana roho kwa kipande cha shamba kisichotosha kuzikia paka walinyamaza alipofika na jembe lake. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Unachimba shimo la kufika kiunoni, unavunja kigae vipande vitatu, unavizika chini, kisha unasimamisha jiwe juu yake. Vipande hivyo huitwa mashahidi. Siku ugomvi ukizuka hufukuliwa, na vikishikana kuwa kigae kimoja tena, jiwe ni la kweli. Ndiyo maana kabla ya kuvizika, pande zote mbili huchungulia shimo na kuhakikisha kwamba udongo wa chini haujawahi kuguswa, isije ikawa mjanja fulani ametangulia kuzika mashahidi wake wa uongo.

Mwezi wa nne wa mwaka ule, Milano na Venezia walifanya mkataba wa amani kule Lodi. Kengele zililia siku tatu. Wakubwa walikuwa wamepigana tangu Bertola hajaota ndevu mpaka ndevu zikaingia mvi, na sasa walikumbatiana kana kwamba waliokufa walikuwa watoto wa mbuzi. Inakera, lakini ndivyo walivyo. Ilipofika Novemba, kila upande ulimtuma bwana wake mwenye kamba na karatasi ili mpaka uwekewe mawe kufuata ule mfereji wa zamani, na fundi akawa Bertola.

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba saa tano asubuhi mtu hakuiona mikono yake vizuri. Sauti zilikuja kabla ya watu, na nyingine zilikuja bila mtu. Mawe kumi na sita yalisimama salama. Bwana Zorzi wa Venezia alipovuta kamba ya jiwe la kumi na saba, Bertola alisimama na jembe begani. Alipafahamu pale. Hatua arobaini kutoka ukuta wa kinu kilichoungua.

Miaka sita nyuma, siku ya mapigano ya Caravaggio, yeye na mdogo wake Comino walikamatwa kubeba mizigo ya jeshi. Jeshi liliposambaratika walikimbia, na Comino alikuwa na jeraha la mkuki pajani. Bertola alimlaza hapo mferejini, akamfunika kwa matete na tope, akamwachia tundu la kuvutia pumzi. Akamwambia, "Usiseme. Hata usikie nini, usiseme mpaka nije." Askari wakapiga kambi palepale siku tano. Bertola aliporudi alisimama mbali, akaita kwa kunong'ona. Kimya. Hakufukua. Aliogopa, basi. Akaenda nyumbani akamwambia mama yao kwamba Comino amepata kazi upande wa Venezia.

Mama huyo, Altadona, alikuwa sasa amekaa ukingoni mwa mfereji. Tangu amani itangazwe alikuwa akiuliza mbona Comino harudi na njia ziko wazi, na tangu ukungu uanze alikuwa akija pale kila siku na ugali wa ulezi katika bakuli mbili.

"Mama, mbona mbili?" Bertola alimuuliza siku ya kwanza.

"Ya pili si yako."

"Ya nani?"

"Yuko karibu, Bertola. Nasikia anavyopumua. Nikimwita haitiki, mtoto mkaidi yule."

Sasa Bertola aliwageukia mabwana. "Mabwana zangu, hapa ni tope tupu. Jiwe litalala. Tusogeze hatua mbili."

"Mbili kuelekea wapi?" Zorzi aliruka.

"Popote. Kwako, kwake, mimi sijali."

"Enhe! Fundi asiyejali!" Zorzi alimcheka mwenzake. "Bwana Filippino, huyu mmempa kiasi gani?"

"Tungempa kitu angeomba hatua mia," alisema Filippino wa Milano. "Chimba, fundi. Kamba imesema hapo."

Akachimba. Angefanya nini? Alijua kwamba mama yake hawezi kuuona uongo wa miaka sita ukifukuliwa kisha akaendelea kumwita mwanangu. Kila jembe liliposhuka, kitu kilisikika chini kikivuta pumzi taratibu, na jembe likiinuka, kinaitoa. Filippino alisema ni maji. Lakini Bertola alipopumzika, ile pumzi nayo ilipumzika. Mbwa wa Zorzi alirudi nyuma kwa tumbo, akaingia ukunguni, na hakurudi hata alipoitwa.

Shimo lilipomfika kiunoni, jembe liligonga kitu ambacho hakikuwa jiwe. Bertola aliliweka chini, akafukua kwa mikono. Mabwana wakainama kuchungulia, kama desturi inavyotaka, na hakuna aliyeuliza tena habari za mpaka.

Alikuwa amelala ubavu, magoti yamekunjwa. Mifupa ya mkono mmoja ilikuwa imekaza juu ya meno, vidole vyote vimebana mdomo.

Altadona alishuka mwenyewe, akakataa kushikwa mkono. Aligusa kidole cha mwisho, kile kifupi ambacho Comino alipokuwa mdogo kilikatwa na patasi ya baba yake.

"Nani alimwambia anyamaze?"

Bertola angeweza kusema askari.

"Mimi, mama. Nilimwambia mpaka nije."

"Ulikuja?"

"Nilikuja nikaogopa."

Mama hakumtazama. Alianza kuviondoa vile vidole mdomoni, kimoja baada ya kingine, polepole kama anayemwondolea mtoto mwiba.

"Vita vimekwisha, baba," alimwambia Comino. "Wameweka sahihi. Sema."

Mabwana walivua kofia wakasimama. Ukungu ulikuwa umefika mdomoni mwa shimo, na ile pumzi ilikuwa imekatika, kama mtu anapotaka kuanza kusema. Bertola alipiga magoti kwenye tope akasikiliza, na hofu ilimshika kuliko siku ile ya vita, kwa sababu alijua Comino akifungua kinywa, neno la kwanza litakuwa jina lake yeye, Bertola.