Koko na Mbio za Barafuni

Juzi nilikuwa gereji kule Markham nikisubiri gari langu livalishwe matairi ya baridi, televisheni ya ukutani ikaonyesha wanaume wakishindana kuteleza barafuni, kilomita kumi, wawili wawili. Fundi akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa nimekunja ngumi. Miaka yote hii, rafiki yangu, na bado nina hasira.

Miaka ya tisini tuliishi Lawrence Heights, mtaa wa nyumba za serikali, nyumba ya vyumba viwili iliyonukia sombe, yale majani ya muhogo, na nguo zilizoanikwa juu ya hita. Bibi yangu mzaa mama, tuliyemwita Koko, alitolewa kambi ya wakimbizi akaletwa kwetu kwenye baridi kali. Sasa, kwetu Kivu mama mkwe hakai na mkwewe, wala hali chakula mbele yake. Kule kulikuwa na uwanja na jiko la nje. Hapa kulikuwa na sebule moja. Basi baba akirudi kutoka kiwandani alikuwa akikohoa mlangoni, Koko anajikusanya na kuingia chumbani, anakula sahani yake kitandani. Mtu mzima na akili zake, aliishi hivyo, na mimi nilidhani ndivyo mabibi wote wanavyoishi.

Jumamosi baba akiwa zamu, sebule ilikuwa yetu. Siku hiyo tulikuwa tunachambua maharage, mama yuko jikoni, mbio zikaanza. Yalikuwa mashindano ya kimataifa, nchi nyingi zimekuja. Koko akauliza kwa nini yule mrefu ameweka mkono mgongoni kama chifu anayekagua shamba. Nikamwambia anapunguza kuchoka. Akacheka. Tangu atoke uwanja wa ndege sikuwa nimemsikia akicheka. Akamchagua yule mwembamba kuwa wetu. "Huyo hajashiba, lakini ana moyo." Kila walipobadilishana njia alishika mkono wangu akiogopa watagongana. "Mpishe mwenzako, wewe!" Kitambaa chake cha kichwa kikaanguka, asijali. Tukawa tunahesabu mizunguko kwa sauti, yeye kwa Kiswahili, mimi kwa Kiingereza.

Kwa kelele zetu hatukusikia kikohozi. Baba alikuwa ametoka kazini mapema, na alikuja na mzee wa kanisa, yule aliyetupokea tulipofika nchi hii na kututafutia nyumba. Baba alipomwona mkwewe kichwa wazi, aligeukia ukutani, kama adabu inavyotaka. Ingeishia hapo, Koko angejifunika, angeingia chumbani, basi. Lakini yule mzee alipita na viatu vyake vyenye theluji mpaka katikati ya sebule, akazima televisheni.

"Mama, mbele ya mkwe wako? Unashangilia wanaume waliobanwa na nguo mpaka mapaja yanaonekana?"

Koko aliokota kitambaa chake, akaingia chumbani. Mama alisimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Baba aliendelea kuutazama ukuta. Nyumba ni yao, mama ni wao, na hakuna aliyethubutu kumwambia yule bwana atoke.

Kesho yake kanisani akahubiri juu ya wazee wanaoharibiwa na televisheni. Hakutaja jina. Kina mama wakageuka kumtazama Koko, wengine wakificha vicheko kwenye vitenge vyao. Tangu hapo hakutoka tena chumbani, hata baba akiwa zamu. Jumamosi nilikuwa nagonga mlango. "Koko, baba hayupo." Ananijibu, "Niache, mwanangu. Nimechoka." Nikawa nachambua maharage peke yangu.

Siku hizi zile nyumba zinabomolewa. Watu tuliokulia pale tunapigiana simu kukumbushana harufu za jikoni na mama zetu walivyotuita jioni kwa lugha zao. Mimi pia nayakosa hayo. Ila chumba kile wakivunje, hata leo.

Koko alifia humo, kabla baridi ya pili haijaisha. Mazishini yule mzee alisimama akamsifu, mwanamke wa staha, aliyejua mahali pake. Kanisa zima likaitikia amina. Mama naye akaitikia.