Mwanangu kavimba kwa kuku wa karai la samaki, mpishi ananiambia "mafuta hayana ukoo"

Wakuu, habari za humu. Hili limenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na sijaongeza chumvi.

Uvumilivu wangu uliisha pale mpishi aliponitazama, koleo mkononi, akasema:

"Mama, mwiko wa ukoo ni nyama yenyewe. Mafuta hayana ukoo."

Mwanangu Mugisha, miaka minne, nilikuwa nimembeba, midomo imeshavimba. Nikazima jiko lao la gesi kwa mkono wangu.

Nirudi nyuma kidogo.

Mama mkwe alikuja kwetu Nyanga akitokea Kamachumu. Jumapili baada ya misa mume wangu akasema twende wote tukale kuku na samaki, kuna mgahawa mpya hapa Bukoba mjini. Jina sitaji, msinisumbue PM.

Mama mkwe alifurahi kuliko mtoto. Kwa wasiojua, zamani mwanamke wa Kihaya kuku alikuwa anampikia mume tu, yeye haonji. Siku hiyo akaagiza paja.

"La kwangu peke yangu. Msinichungulie."

Sasa Mugisha ana aleji ya samaki. Sio kuchagua chakula, anavimba na pumzi inabana.

Nikamwambia mhudumu, huyu mtoto hali samaki. Akauliza, "Ukoo gani?"

Huku kwetu hilo ni swali la kawaida, kila ukoo una mwiko wake, kitu usichokula. Kabla sijajibu, mama mkwe akadakia kwa Kihaya, akataja ukoo wa mume wangu. Wakagundua wao ni ndugu wa mbali. Salamu zikaanza upya, vicheko, mimi nimesahaulika.

Nikamuuliza mhudumu, kuku na samaki mnakaanga pamoja?

"Dada, tulia. Samaki hatafika kwenye sahani yake."

Kweli hakufika. Na kuku alikuwa mtamu, siwanyimi haki yao.

Bawa la pili halijaisha, Mugisha akaanza kujikuna mdomo. Nikambeba moja kwa moja hadi jikoni. Karai moja! Kuku na sangara wanaogelea humo humo. Ndipo mpishi akanipa hiyo hotuba ya ukoo.

Tukachukua bajaji hadi zahanati. Akachomwa sindano, pumzi ikarudi. Mama mkwe alikaa nje na paja lake kwenye foili. Hakuligusa tena.

Mume wangu akasema tuyaache, yule mhudumu ni ndugu.

Nikamjibu, huyo ndugu nusura atuzikishe mtoto.

Somo nililopata: ukifika mgahawani usiseme mtoto "hali". Sema anaumwa, taja na anavyoumwa, hata kama bibi yake anaongea.

Wenye watoto wa hivi, mkila nje mnafanyaje? Mnaokuja kuniambia nipike nyumbani, piteni tu.

Jumatatu nilikwenda kwa afisa afya. Mume alitaka niandike barua ya malalamiko kwa upole. Nimeandika hivi, na imepokelewa:

"Mtoto wangu akila samaki anakosa pumzi. Niliuliza kuhusu ukaangaji, nikajibiwa kuhusu ukoo. Sidai fidia. Naomba mgahawa huu uwe na karai la kuku peke yake. Kama hawawezi, wabandike mlangoni kwamba karai ni moja, ili mama mwingine asome kabla mwanawe hajala."